Asilimia sitini ya kitu gani?

Mtu anayefika Mbinga kwa mara ya kwanza hucheka akisikia kuna mahali panaitwa Ukata. Kwa Kiswahili ukata ni ufukara, ni hali ya mtu kukosa hata senti ya chumvi. Wenyeji hawacheki. Jina ni lao, wamelirithi kwa babu zao, na maana hiyo ya Kiswahili imewakuta wakiwa na jina lao tayari. Nalitaja mapema kwa sababu nataka kuzungumzia namna sisi tunaojiita wasomi tunavyofanya biashara na ukata wa watu wengine, na mfano nitakaoutoa ni wangu mwenyewe.

Ukata ni kwa kina mama yangu. Mama alisilimu alipoolewa na baba hapa Songea, lakini ndugu zake wote wamebaki Wakatoliki na udugu wetu haukupungua kwa hilo. Kaka yake mama, mjomba wangu, analima kahawa, mahindi na maharage kwenye vilima vya Umatengo kama walivyolima wazee wake. Ni mtu wa maneno machache. Ananiheshimu kuliko ninavyostahili, kwa sababu mimi ni wa kwanza katika ukoo ule kufika chuo kikuu, na kwa sababu ninafundisha dini. Kwake yeye mtu wa dini hasemi uongo, awe padri au ustadhi.

Mwezi Machi mwaka 2021, rafiki yangu ambaye tumesali naye safu moja kwa miaka mingi alinialika kwenye semina katika ukumbi mmoja hapa mjini. Semina ilikuwa ya bure, na soda na sambusa pia zilikuwa za bure, jambo ambalo peke yake lingetosha kunitia shaka. Mtoa mada alikuwa kijana mtanashati mwenye tai. Alituonyesha picha za mabwawa makubwa ya maji ya kijani, yamepangwa kwa safu kama viwanja vya mpira, na wafanyakazi waliovaa makoti meupe. Akatueleza kuwa hiyo ni spirulina, mwani mdogo mno wa majini ambao jicho haliuoni mpaka urundikane kwa mamilioni, na kwamba asilimia 60 ya mwani huo ni protini tupu. Nyama ya ng'ombe, akasema, haifiki hata nusu ya hapo. Yai ni asilimia 13. Maziwa ni 3. Ukumbi mzima ukaguna. Kisha akatoa makopo ya vidonge kwenye sanduku.

Baada ya semina aliniita pembeni. Alikuwa ameshaambiwa kazi yangu. "Ustadhi," akaniambia, "wewe watu wanakuamini. Sisi tukisema, wanadhani tunatafuta riziki."

Mimi nilijiona si mtu wa kudanganywa kirahisi. Usiku ule niliingia kwenye intaneti nikasoma mpaka saa saba. Nilichokikuta kilinituliza. Ni kweli kwamba spirulina iliyokaushwa ina protini kati ya asilimia 55 na 70. Ni kweli ina madini ya chuma, na ina ile rangi ya karoti ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Kijana yule hakusema uongo hata mmoja. Nikajiunga. Katika miezi mitatu niliuza makopo kumi na matatu kwa watu kumi na mmoja, wengi wao wazazi wa wanafunzi wangu na waumini wenzangu. Kila kopo liliuzwa shilingi 85,000 na mimi nilibakiwa na 20,000. Suala la ule mtindo wa kuandikisha watu ili nao waandikishe wengine lina mjadala wake katika fiqhi, na leo sitaliingia.

Mwezi Juni nilikwenda Ukata. Mjukuu wa mjomba, binti wa miaka miwili na nusu, alikuwa hakui. Kwenye kadi ya kliniki kimo chake kilikuwa chini ya mstari tangu alipoanza kula. Nikafungua mkoba wangu, nikaeleza habari ya mwani, nikataja ile asilimia 60. Nikasema afungue vidonge viwili kila siku, amwagie unga wake kwenye uji wa mtoto. Mjomba aliingia ndani, akatoka na fedha zilizofungwa kwenye kitambaa. Baadaye nilijua zilikuwa za mbolea. Hakuuliza bei ya kwingine wala hakuuliza vidonge vinatoka nchi gani. Aliuliza swali moja tu: "Ni wewe mwenyewe unayesema hivi, mjomba?" Nikajibu kuwa ni mimi.

Mwezi Septemba, katika ofisi ya walimu, nilimsifia spirulina dada mmoja anayefundisha baiolojia. Nilidhani nitampata kuwa mteja wa kumi na mbili. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Ustadhi, asilimia sitini ya kitu gani?" Nikamwambia ya spirulina. "Ndiyo, lakini spirulina kiasi gani?"

Tukachukua kopo tukalisoma. Vidonge 120, kila kimoja miligramu 500. Maana yake kopo zima lina gramu 60, uzito wa vijiko vichache vya unga. Asilimia 60 ya gramu 60 ni gramu 36. Yai moja la kuku lina protini gramu 6 hivi. Kwa hiyo kopo la shilingi 85,000 lilikuwa na protini ya mayai sita.

Akaendelea, na mimi nilikuwa tayari natamani aache. Vidonge viwili kwa siku ni gramu moja ya unga, yaani protini gramu 0.6. Mtoto wa umri ule anahitaji protini kama gramu 13 kwa siku. Yai moja lingempa kilichomo katika vidonge vya siku kumi. Kisha akanipa hesabu ambayo mpaka leo naikumbuka nikiwa kwenye sala, Allah anisamehe. Usipa mkavu, yule samaki mdogo wa Ziwa Nyasa ambaye magunia yake yanapandishwa kutoka Mbamba Bay kila siku, naye ana protini ya asilimia 60 hivi. Kwa sababu amekaushwa, maji yote yameondoka, kama yalivyoondoka kwenye mwani ule. Nyama na yai katika ile picha ya semina vilipimwa vikiwa na maji yake, mwani ukapimwa ukiwa mkavu. Kilo ya usipa wakati ule kwa bei ya Mbinga ilikuwa haizidi shilingi 15,000. Fedha za mjomba zingenunua zaidi ya kilo tano. Kilo tano zina protini gramu 3,000. Mimi nilimpa gramu 36.

Ndugu msomaji, hapa ndipo lilipo swali linalonisumbua, nalo ni zito kuliko hesabu. Je, mtu anaweza kudanganya kwa kusema kweli tupu? Na kama anaweza, dhambi inaandikwa kwa nani?

Kwanza niutendee haki mwani wenyewe, kwa sababu hauna kosa. Chakula hiki ni cha kale, na Waislamu ni miongoni mwa walioutunza ujuzi wake. Kandokando ya Ziwa Chad, katika nchi ya Kanem ambayo Uislamu uliingia karibu miaka elfu moja iliyopita, wanawake wa Kikanembu huchota povu la kijani kutoka kwenye vidimbwi vya maji ya magadi, hulichuja, hulitandaza juu ya mchanga likauke kwa jua, kisha hulikata vipande. Wanaliita dihé. Hupikwa kama mchuzi wa kulia ugali wa uwele. Watafiti wa Ulaya walianza kuandika habari zake mwaka 1940, na haikushughulikiwa sana mpaka mtaalamu wa mimea wa Kibelgiji, Jean Léonard, alipopita huko mwaka 1964 na 1965. Mama wa Kanem anaponunua dihé sokoni anakiona kipande, anakishika, anajua kitatosha sufuria gani. Soko lile halina asilimia.

Jamaa za mwani huo tunao hata sisi. Wanaishi kwenye maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa, Natron kwetu, Nakuru na Bogoria kwa majirani zetu, na ndio chakula cha wale ndege wekundu tunaowaita flamingo. Wekundu wao wanaupata humo. Ziwa Nyasa ni la maji baridi, spirulina haistawi humo, lakini lina mwani wa aina nyingine usio na idadi. Jua linapiga maji, mwani unaota, vijidudu vya majini vinaula mwani, usipa wanavila vijidudu, na wavuvi wa Liuli, Lituhi na Mbamba Bay wanawavua usiku kwa taa. Kwa lugha nyingine, mjomba wangu anaishi karibu na shamba kubwa la mwani ambalo hakuna mwanadamu aliyelichimba, na samaki ndio wavunaji wake. Nilimpandishia mlimani kopo la kitu ambacho Muumba alikuwa ameshakipitisha kwa usipa.

Kiwandani kazi ni nyingine. Linachimbwa bwawa la kina kifupi, maji yasifike hata magotini, lenye umbo la njia inayozunguka. Gurudumu lenye makasia linayasukuma maji usiku na mchana ili kila chembe ipate jua. Yanatiwa magadi mpaka yawe makali kiasi kwamba viumbe wengine wengi hawawezi kuishi humo, yanatiwa mbolea na hewa ya ukaa. Mwani unaongezeka haraka ajabu. Unachujwa kwa wavu mwembamba kama kitambaa, unaoshwa, unakamuliwa, kisha unarushwa kama manyunyu ndani ya hewa ya moto ili ukauke mara moja uwe unga. Mashamba ya namna hii yalianza Mexico miaka ya 1970, yakafuata ya California na Hawaii miaka ya 1980, na leo mzalishaji mkubwa kuliko wote ni China. Umeme, mbolea, mashine, vipimo vya kuhakikisha hakuna sumu ya mwani mwingine uliojipenyeza, vyote vina gharama. Sishangai kwamba unga ule ni ghali.

Kinachonishangaza ni safari ya nia. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia wanasayansi waliogopa kwamba dunia itajaa watu wenye njaa, wakaona mwani ndio jibu. Mwaka 1951 walijaribu kuukuza juu ya paa la jengo moja huko Cambridge, Massachusetts, na mwaka 1953 Taasisi ya Carnegie ikatoa kitabu kizima juu ya kilimo hicho. Ilikusudiwa kumlisha masikini. Miaka michache baadaye mwani ule ule ulikuwa ukiuzwa Japani kama kitu cha afya kwa watu walioshiba. Mwaka 2013 Marekani iliruhusu rangi ya buluu ya spirulina itiwe kwenye peremende na ubani wa kutafuna. Wengine walitaka kuukamua mafuta ya magari: serikali ya Marekani ilijaribu tangu 1978 hadi 1996 ikaacha, na kampuni ya ExxonMobil iliingia mwaka 2009 ikajitoa mwaka 2023. Chakula kilichoahidiwa kwa wenye njaa kimeishia kupaka rangi peremende, na kikimrudia mwenye njaa kinamrudia ndani ya kopo, kwa bei ya mbolea ya msimu mzima.

Sasa turudi kwenye swali. Nilipoanza kulihangaikia nilijitetea kwa njia ambazo msomaji anaweza kuzitambua, kwa sababu ndizo tunazotumia wote. Nilijiambia kuwa biashara ni maridhiano, na mjomba aliridhia. Nilijiambia kuwa Uislamu haukupanga bei, Mtume (s.a.w.) mwenyewe aliombwa awapangie watu bei wakati vitu vimepanda na akakataa. Na katika madhehebu yetu ya Shafi, ambayo ndiyo yaliyoenea pwani na bara ya Afrika Mashariki, mtu aliyenunua kwa bei kubwa mno hana haki ya kuvunja mauzo kwa sababu ya ukubwa wa bei peke yake. Alipaswa kuulizia. Hii ni hoja ya kweli, na kwa siku kadhaa nililala juu yake.

Kilichoniamsha ni somo nililokuwa nikilifundisha mwenyewe kidato cha tatu, la mnyama ambaye Waarabu walimwita musarrat. Mfugaji anataka kuuza mbuzi au ngamia. Anamwacha siku mbili tatu bila kumkamua. Kiwele kinajaa, kinavutika, kinapendeza. Mnunuzi anakiona, anadhani ndivyo mnyama huyu atoavyo kila siku, anamnunua. Mtume (s.a.w.) alikataza jambo hilo, na akampa aliyenunua kwa namna hiyo hiyari baada ya kumkamua: akitaka abaki naye, akitaka amrudishe pamoja na pishi ya tende kwa ajili ya maziwa aliyoyatumia. Hadithi hii iko kwa Bukhari na Muslim.

Nimeifundisha mara nyingi kama sheria ya mifugo. Sikuwahi kuona kwamba maziwa yale ni ya kweli. Hakuna maji yaliyochanganywa. Muuzaji hakufungua kinywa chake akasema neno la uongo. Kiwele kimejaa kweli, na mtu akikikamua atapata kile hasa anachokiona. Ulaghai umekaa katika kile ambacho mnunuzi amefanywa akiamini kuhusu kesho. Na wanazuoni wa Shafi hawakusema hapa kwamba mnunuzi angeulizia. Walitofautisha bei kubwa tu na bei kubwa iliyojengwa juu ya sura iliyopangwa ili jicho likosee. Ya kwanza ni bahati ya soko, ya pili ni tadlisi.

Asilimia sitini ni kiwele kisichokamuliwa. Ni namba ya kweli iliyowekwa mahali ambapo mtu asiyezoea asilimia ataiona kama wingi. Mjomba alisikia "sitini" akaona rundo.

Na kuna mlango wa pili. Mtume (s.a.w.) alikataza watu wa mjini kutoka nje kwenda kuipokea misafara njiani kabla haijafika sokoni, na akamwekea mwenye bidhaa hiyari atakapofika sokoni na kuijua bei. Yule wa msafara hakuibiwa. Aliuza kwa ridhaa yake. Lakini ridhaa yake ilichukuliwa kabla ya kujua. Mimi nilifanya kinyumenyume: nilipanda mlima kumfuata mtu mahali ambapo habari za soko la protini hazijafika, nikamuuzia kabla hajafika kwa mwalimu wa baiolojia. Mimi mwenyewe sikuwa nimefika, hilo ni kweli. Kutojua kunapunguza dhambi yangu, wala sikatai rehema. Ila hakukumrudishia mjomba mbolea yake.

Lililobaki ni swali la mwenye dhambi, na hapa naona zama zetu zina jambo ambalo mfugaji wa ngamia hakuwa nalo. Yeye alikuwa peke yake. Alimfunga mnyama kwa mkono wake na alijua anachokifanya. Mwani wa kiwandani unapita mikono mingi. Mtaalamu wa maabara amepima, akaandika 60, na amesema kweli. Kiwanda kimechapa 60 kwenye lebo pamoja na uzito wa kila kidonge, nacho kimesema kweli. Msambazaji amesoma lebo. Kijana mwenye tai amemsikia msambazaji. Mimi nimemsikia kijana, tena nikahakikisha. Kila mtu katika mnyororo ule ni mkweli, na mtu wa mwisho amedanganyika. Ni uongo usio na mwenyewe. Ukimwuliza kila mmoja atakuonyesha kauli yake, na kauli yake ni safi.

Wapo wanaosema basi lawama igawanywe kwa wote, kila mmoja apate chembe. Wengine wanasema ni kazi ya serikali, na ni kweli kwamba vyakula viko chini ya TBS tangu mwaka 2019, na kwamba kitu kilichosajiliwa kama chakula hakipaswi kunadiwa kama dawa. Mimi naona lawama haigawanyiki sawa. Mpimaji wa maabara hamjui mjomba. Hajui kwamba fedha ile ni ya mbolea, hajui kwamba mtoto anakula uji mtupu wa mahindi, hajui kwamba magunia ya usipa yanapita barabarani. Mimi nilivijua vyote hivyo. Katika mnyororo mzima ni mimi peke yangu niliyekuwa nimeziona namba na pia nimemwona mnunuzi. Namba ya kweli iligeuka ulaghai pale pale ilipotoka kinywani mwangu kuingia sikioni mwake, kwa sababu hapo ndipo ilipopata maana ya "mtoto wako atapona". Inasimuliwa kuwa Wathila bin Al-Asqa (r.a.) alimwona mtu akiuziwa ngamia mwenye kasoro kwenye kwato, akamfuata mnunuzi na kumwambia, na muuzaji akalalamika kuwa ameharibiwa biashara. Wathila hakuwa muuzaji wala hakuwa dalali. Alikuwa mpita njia anayejua.

Nami sikuwa mpita njia, nilikuwa nachukua elfu ishirini.

Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulikuta udumavu kwa watoto wa chini ya miaka mitano mkoani Ruvuma ni asilimia 35.6, wakati kwa nchi nzima ni 30. Mkoa huu unalisha nchi kwa mahindi. Asilimia hiyo, tofauti na ile ya kopo, ina uzito wake: ni zaidi ya mtoto mmoja katika kila watatu. Mbinga kuna maharage, kuna kuku, kuna majani ya maboga, na usipa wanapita. Mayai yanauzwa ili kununua sabuni. Mama yuko shambani tangu alfajiri, mtoto anaachiwa uji kwenye kikombe. Maradhi ya tumbo yanachukua kidogo kilichoingia. Hayo hayauzwi kwenye kopo wala hayana kamisheni, na ndiyo maana hakuna anayeyaandalia semina yenye sambusa.

Mwezi Desemba 2023 nilipanda tena Ukata na shilingi 85,000 kwenye bahasha. Toba katika haki ya mja, kama tunavyowafundisha vijana, haitimii mpaka haki irudi, na mja huyo si lazima awe Muislamu. Nilichelewa miaka miwili. Sina sababu ya maana zaidi ya aibu.

Nilimkuta mjukuu anakimbiza kuku. Amekua, bado mfupi kwa umri wake lakini ana nguvu. Kabla sijatoa bahasha mjomba akaanza kunishukuru. Akasema vidonge vile vilimsaidia sana mtoto. Nikamuuliza binamu yangu, mama wa mtoto, aliyekuwa akichambua maharage pembeni, vidonge viliisha lini. Akasema kopo liliisha zamani, mwezi wa nane mwaka ule ule. Na uji? Akasema mhudumu wa afya wa kijiji alimfundisha kusaga usipa na karanga akachanganya na unga, na siku hizi mayai mawili kwa wiki hayauzwi.

Nikaeleza. Nilitumia mayai sita ya kweli, nikayapanga juu ya ungo, nikaliweka kopo tupu pembeni yake. Walikuwa wamelihifadhi, lilikuwa na mbegu za mchicha ndani. Mjomba aliyatazama mayai kwa muda mrefu. Hakukasirika, ingawa nilikuwa nimejiandaa kwa hasira. Alichukua bahasha, akaihesabu, akarudisha elfu kumi akisema ni nauli yangu. Nilipokataa akaiweka kwenye mfuko wa shati langu kwa mkono wake.

Kisha akasema: "Nimewaambia watu wawili huko chini kuhusu dawa yako. Wameshaweka fedha ya kahawa wanakungoja. Sasa niwaambie nini?"

Tulikwenda kwao pamoja jioni ile. Mmoja alielewa haraka. Wa pili, mzee mwenye mtoto asiyetembea, alitusikiliza kwa adabu, akatukaribisha togwa, na tulipokuwa tunaaga akanivuta mkono akaniuliza kwa sauti ya chini kama kweli hakuna hata kopo moja lililobaki Songea, yeye yuko tayari kuongeza bei.

Daftari langu lina majina kumi na moja. Mpaka ninapoandika haya nimewapata saba na kuwarudishia. Wawili wamehamia Dar es Salaam na namba zao za simu hazipatikani. Mmoja amefariki, nawatafuta warithi wake. Wa mwisho ni yule rafiki yangu wa safu moja, aliyenunua kwangu makopo mawili ili kunitia moyo. Ameikataa fedha na bado anauza.